Usingizi wa Alhamisi Ile

Jumapili. Baridi kali. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na Mlima Meru haujaonekana tangu juzi. Naandika kwa kidole kimoja, maana ndicho kilichokubali kunyooka leo.

Tulimzika Baba siku nane zilizopita. Kuna jambo niliwaficha watu.

Mnaonisoma mnajua nina baridi yabisi, mwaka wa sita sasa. Si ile ya kuambiwa "jifunike vizuri, itapita." Daktari alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu yenyewe ndiyo inayovishambulia viungo vyangu. Mchana navumilia. Usiku nikilalia bega, linawaka moto. Shuka likigusa vidole vya miguu, naona kama nimewekewa tofali. Nasinzia robo saa, naamshwa na maumivu. Na nikikosa usingizi, kesho yake yanazidi.

Baba alipopata kiharusi, nilifunga kibanda changu cha kushona nguo kule Olasiti nikapanda huku mlimani kumuuguza. Mdogo wangu Anaeli anafanya kazi Dodoma, ana familia. Mimi sina mume wala mtoto, basi ikaonekana ni mimi. Sikukataa. Nilimgeuza kitandani na kumlisha uji kwa mikono hii hii. Siku nyingine kijiko kilinidondoka, akajifanya hajaona.

Naye usiku hakulala. Akinisikia naguna upande wa pili wa ukuta wa mbao, aliita polepole, ulimi mzito, "Mama, bado?"

"Bado, Baba."

"Na mimi bado."

Tulikesha hivyo wiki nyingi.

Kisha daktari akanibadilishia dawa, akasema mpya zitatuliza maumivu nipate kulala. Alhamisi ile, baada ya chakula cha mchana, Baba alinitazama akasema, "Nenda kalale. Umechoka, mama."

Nililala.

Nililala kuanzia saa nane mpaka giza lilipoanza kuingia. Hakuna kilichouma. Niliamka nikitabasamu peke yangu, nikaenda mbio kumwambia Baba kwamba nimelala.

Mkono wake ulikuwa umeshapoa.

Msibani mzee wa kanisa alisimama akasema binti huyu hakumwacha baba yake hata dakika moja. Niliinamisha kichwa. Anaeli aliponiuliza Baba alisema nini mwishoni, nilimjibu kwamba alituombea sisi wawili, akafumba macho nikiwa nimemshika mkono. Alilia, lakini nilimwona ametulia.

Nilidanganya. Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba usingizi ule ulikuwa mtamu. Sijapata mwingine kama ule kwa miaka sita.

Leo asubuhi Anaeli alikuwa akifunga begi arudi Dodoma. Nikashindwa kuendelea kuubeba uongo ule.

"Anaeli, sikuwepo. Nilikuwa nimelala."

Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni.

"Kwa hiyo alikufa peke yake."

"Ndiyo."

"Ungenipigia mapema, dada. Ungesema umezidiwa, ningekuja."

"Ungekuja kweli?"

Alibeba begi lake akateremka barabarani bila kuniaga. Nilibaki nimesimama pale mpaka magoti yakagoma, nikajua nimempoteza na yeye.

Saa sita ujumbe ukaingia.

"Shikamoo dada. Tumeshapita Kisongo. Sikuwa na jibu kwa sababu najua nisingekuja. Bado nina hasira, sijui ni kwako au kwangu. Umemeza dawa?"

Nimeusoma mara nyingi. Nilikuwa sijameza. Tangu Alhamisi ile sijazigusa. Nilizificha nyuma ya kabati, nikaona maumivu ni haki yangu.

Sasa nimemeza. Vidole vimeanza kulegea na macho yanakuwa mazito, na naogopa kama mtoto. Nitajilaza hata hivyo.