Bageti Juu ya Mafiga ya Mama

Jumatatu, 3 Oktoba 2022
Evode ametuma picha tena. Mdogo wangu! Yuko Angola, kwenye karakana ya meli. Wamechukua meli kuukuu ya kubebea mafuta, sasa wanaibebesha kiwanda kizima — mabomba, matangi, kreni. Ikiisha itatia nanga baharini, inyonye mafuta chini ya maji na kuyasafisha hapo hapo. Yeye anachomelea mabomba. Mimi leo nimechomelea bawaba ya zizi la jirani, Papa Kanyamibwa.
Nani alimfundisha kuchomelea? Mimi!

Jumatano, 5 Oktoba
Mama ameonyesha picha kwenye maombi, mbele ya wote. "Mutoto wangu njo anajenga kiwanda juu ya maji!" Mmoja wao, Mama Mukandori, akaniuliza, na mimi je, najenga nini. Wakacheka. Nikacheka pia.
Wivu unanila, niseme ukweli. Nafasi ya kazi Angola ilikuwa moja. Nikamwachia ili Mama asibaki peke yake. Mama amesahau.

Ijumaa, 7 Oktoba
Audio ya Evode. Sauti imemkauka. "Kaka, soudure yangu, pale nachomelea, wanaipiga radio, ile ya kuangalia mifupa, wanakuta vitundu ndani. Mara mbili sasa! Kesho asubuhi, saa ine ya kwenu, wanapima ya mwisho. Nikishindwa, wananirudisha kwetu Karuba. Unisaidie, kosa iko wapi?"
Nimefurahi. Mungu anisamehe — nimefurahi!
Kisha nikafungua tena picha ya Jumatatu. Nyuma ya Evode, juu ya chuma, pakiti ya bageti, vile vijiti vya kuchomelea, iko wazi, na ukungu wa bahari umeifunika. Zimeingiwa na unyevu, na unyevu ndio unaoleta vitundu! Hapa kwetu ukungu hauishi, kwa hiyo bageti zangu zinakaa juu ya mafiga ya Mama, kwenye kichanja cha maharagwe. Nazitoa tatu tatu, zikiwa za moto. Evode ndiye aliyekuwa akipanda kuzichukua, akikohoa moshi. Leo ni mtu wa meli, kichanja cha nini?
Neno moja tu. Zikaushe.
Sijamjibu.

Jumamosi, 8 Oktoba
Niko juu kilimani, penye réseau, simu inaposhika mtandao. Nimeandika: bageti zako. Nimefuta. Nimeandika tena, nimefuta tena.
Mama amenifuata na viazi vya moto kwenye kitambaa. "Umeshamujibu mudogo wako?"
Nimesema réseau hakuna. Amekaa chini karibu yangu, ameanza kumwombea. Simu iko mkononi mwangu, mistari minne ya réseau. Saa tatu na nusu.