Chumba Kisichorudisha Sauti

Jumatatu, 7 Aprili 1980

Pasaka imepita, na sauti yangu imenikatikia katikati ya Gloria. Ile noti ya juu haikutoka kabisa — mwalimu wa kwaya akajitia kukohoa ili anisitiri. Rovu sasa limekuwa kama limau chini ya ngozi ya shingo. Daktari amenipa tarehe: kitanda kitapatikana tarehe ishirini na moja, baada ya hapo watakata. Nikamuuliza, na sauti je? Akaanza kupanga kalamu zake mezani. Kuna mshipa wa sauti unapita hapo hapo, akasema, mara nyingine huguswa. Mara nyingine! Kama anayetabiri manyunyu.

Kufa siogopi sana. Ninachoogopa ni Severa. Ana miaka miwili, atakua akimjua mama mwenye sauti ya chura, au asiye na sauti kabisa. Nataka wimbo wake wa kulalia, ule nilioutunga mwenyewe, beti zote nne, urekodiwe kabla sijaingia hospitali. Nimemwambia Tarsis. Mume wangu ni fundi redio, hajawahi kunikatalia jambo lenye waya ndani yake.

Alhamisi, 10 Aprili

Bwana Ghanshyam ametuazima tepurekoda yake ya rili. Ndiye mwenye duka la redio hapa chini ya ghorofa letu, na ndiye tajiri wa Tarsis. Ametoa na tepu mpya. Moja tu! Mjini hazipo, kama sabuni. Ya majaribio ametupa kuukuu.

Tumeitega kwenye stoo. Nikaimba, tukasikiliza. Kuna mikokoteni inayoelekea sokoni, kuna muuza kahawa anagonganisha vikombe, na mimi niko mbali, kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Bwana Ghanshyam akapanda kuja kuona. Akapiga kofi moja katikati ya stoo, akainua kidole. Sikiliza Mama Severa, akasema, ukuta unajibu. Ukuta ukijibu, wimbo umeharibika. Chumba hiki kinataka kitu laini, tena kinene, toka sakafuni mpaka darini.

Kitu laini! Mwaka huu hata kitenge cha kumfunika mtoto ni cha kupangia foleni.

Jumamosi, 12 Aprili

Trei za mayai. Tarsis kaambiwa na jamaa mmoja kwamba ndiyo dawa. Nimezunguka kwenye mahoteli kuziokota, nimezibandika kwa uji wa muhogo. Mende wamefurahi sana. Mwangwi umepungua kidogo, lakini mikokoteni inaingia kama imealikwa. Nimezibandua zote. Nimelia kidogo, nikamwambia Tarsis ni vumbi.

Jumanne, 15 Aprili

Tumepata! Magodoro ya sufi, saba, makuukuu lakini manene. Muuzaji ni bibi mmoja wa huko Jangwani, Bi Mwanamkuu. Anasema mvua hizi maji yakipanda yatamwozea ndani. Bei aliyotaja ni ndogo mno hata nikaona haya kuipunguza. Tarsis akanikanyaga mguu. Sisi watu wa Kibosho ndivyo tulivyo: ukipewa bei nzuri huulizi kitu, unabeba na kuondoka kabla mwenyewe hajashtuka. Tukabeba.

Bibi alisimama mlangoni mpaka mkokoteni ukapinda kona. Hakutuaga. Nikadhani anayaonea uchungu magodoro yake.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku mbili nachambua sufi na kushona. Nimeijaza kwenye magunia na kuyadarizi mistari ili isishuke chini, mimi na ile sindano ndefu, vidole vimetoboka. Baadhi ya sufi imeshikana madonge, haichambuki, ina unyevu ingawa nimeianika juani. Kwenye donge moja nimekuta unywele mweupe.

Leo Tarsis ametundika yote. Kuta nne, dari, na nyuma ya mlango. Nikaingia, nikapiga kofi.

Hakuna kitu. Kofi limefia mkononi. Mikokoteni haipo, Kariakoo haipo. Nimesikia damu yangu ikienda. Tarsis akasema jambo akiwa mbele yangu, na nikaona midomo kabla ya kusikia neno. Anacheka kwa furaha, na kweli kazi ni nzuri. Lakini Severa, ambaye nyumba nzima humjua kwa makelele, ameingia humo na kuanza kunong'ona. Sijamfundisha kunong'ona.

Ijumaa, 18 Aprili

Jaribio kwa tepu kuukuu, saa saba, mjini kumetulia watu wako msikitini. Niliimba ubeti mmoja peke yangu, Tarsis na mashine wako nje ya mlango.

Tukasikiliza. Sauti safi, karibu kabisa. Ila kila mwisho wa mstari, ninapovuta pumzi, kuna mtu anaishusha. Polepole, kwa kukwaruza. Nikamgombeza Tarsis: kwa nini unapumua kwenye maiki? Akaniambia maiki ulikuwa nayo wewe. Bwana Ghanshyam akavaa spika za masikioni, akasikiliza hadi mwisho, akarudia. Akazivua. Mashine yangu haina ugonjwa huo, akasema. Kisha akauliza magodoro tuliyatoa wapi.

Nilikwenda Jangwani mwenyewe. Shikamoo Bi Mwanamkuu. Marahaba mwanangu, nilikuwa nakungoja. Nikamweleza. Wala hakushangaa.

"Mimi mwosha," akasema. "Naosha maiti za wanawake huku kwetu tangu nina meno yote. Na kwetu godoro alilofia mtu hupewa aliyemwosha. Mlidhani kibibi peke yake ana magodoro saba ya nini?"

Nikamwambia hukutuambia. Akasema hamkuuliza, mlikuwa na haraka. Nikamwuliza ni akina nani basi. Akakataa, mwosha hasemi alichokiona. Akanishika mkono tu. Wote saba, akasema, walikufa wanaitafuta pumzi, na godoro ni la kulaliwa, nyie mmelisimamisha. Kama huna budi kuimba humo, imba ubeti mmoja utoke. Usikae na mdomo wazi mbele yao.

Tarsis anataka kuyashusha usiku huu huu. Nimekataa. Tumebakiwa na Jumapili moja, na bila sufi ni pipa lile lile. Naogopa, naandika hapa kwamba naogopa. Lakini namwogopa daktari zaidi.

Jumapili, 20 Aprili

Nimerudi kutoka misa, nimekunywa maji ya moto na asali. Tukangoja saa nane, magari yakapigwa marufuku kubana petroli kama kila Jumapili, mji ukalala. Tepu mpya ikawekwa.

Nilikusudia ubeti mmoja. Haki ya Mungu nilikusudia. Lakini wimbo ulitoka kama nilipokuwa msichana, bila maumivu, bila rovu, kama kuna watu wananivuta kwa kamba laini. Ubeti wa pili ukafuata, na wa tatu. Mtoto wangu angepewa robo ya wimbo kwa nini? Nikamaliza zote nne. Nilipotoka Tarsis alikuwa amejiinamia kwenye mashine, machozi yanamtoka.

Tumesikiliza mara moja. Hakuna anayekwaruza. Ni mimi tu, mzima, kama nimekaa kitandani kwa Severa. Nina furaha. Koo limekauka, nimekunywa mtungi mzima wa maji na bado.

Jumatatu, 21 Aprili

Niko wodini, kitanda cha dirishani. Muuguzi amesema koo lipumzike, nisiongee mpaka siku ya kukatwa. Ninaitikia kwa kichwa.

Asubuhi kabla ya kuondoka tuliusikiliza tena, na sasa najua kinachonisumbua. Simo ninapovuta pumzi. Yule mwingine hayupo, sawa, lakini na mimi sivuti. Beti nne nzima, mstari juu ya mstari, hakuna pumzi hata moja. Hakuna binadamu anayeimba hivyo. Tarsis anasema ni uzuri wa chumba.

Severa alikuwa amesimama kati yetu, mkono wake mkononi mwangu. Akaitazama mashine, akaweka kidole mdomoni. "Mama kalala," akasema.

Jumatano, 23 Aprili

Leo ndiyo siku. Tarsis amekuja mapema, wamemruhusu dakika chache. Alitaka kunifurahisha: Severa halii, anamwekea tepu asubuhi na jioni, anakaa kando yake ametulia. Haniulizii tena. Tangu jana haniulizii kabisa. Nikampungia mkono, akaenda zake.

Alipopita mlangoni ndipo nilipojua. Siitaki tepu ile. Aifute, hata kama ndiyo pekee. Nikitoka hapa na sauti ya chura, au bila sauti, mwanangu anijue hivyo hivyo, nikiwa nahema. Lazima nimwambie kabla hawajanichukua.

Naandika nimesimama dirishani. Namwona pale chini, anafungua mnyororo wa baiskeli. Hayuko mbali. Nimemwita. Hakugeuka. Nimemwita tena kwa kifua chote, kama kwenye Gloria.

Kuruthumu, mgonjwa wa kitanda cha jirani, ameacha kukoroga chai.

"Mama Severa, unataka nini?" ananiuliza. "Mbona unafumbua mdomo tu?"

Kitanda cha magurudumu kimefika mlangoni. Hawajanikata bado, hawajanigusa hata shingo. Tarsis anapanda baiskeli —