Shibiri Ishirini na Tisa

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba dereva wa lori la maji hataikalia kama alivyoikalia ile ya Desemba. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na cherehani yake nayo inakusalimu, maana haijanyamaza tangu shule zifunguliwe.

Nina shida. Darasa la saba tumepewa kazi ya uhandisi: kila kikundi kijenge mfano wa nyumba ya mahali pagumu kuishi. Wengine wamepata barafu, wengine kilele cha mlima. Mwalimu wa sayansi alipotaja jangwa nilinyoosha mkono kabla hajamaliza, nikasema baba yangu anaishi huko, huu mwaka wa nne. Darasa zima likageuka kunitazama. Basi sasa sina pa kukimbilia.

Nyumba itawekwa chini ya taa kali. Mkazi wake ni kipande cha siagi. Akiyeyuka kabla ya dakika thelathini, tumefeli. Naomba vipimo vya chumba chako, vya kweli, na uniambie kimejengwa kwa kitu gani. Uniambie pia kama mwezi wa sita unakuja. Mwaka jana ulisema unakuja, nikafua mapazia yote.

Mwanao,
Bi Maswali

23 Februari

Bi Maswali wangu,

Marahaba, mama. Mimi ni mzima, ila joto tu. Dereva nimemsema. Anajitetea kwamba barua zako ni nzito kwa maswali.

Chumba changu ni kontena la mizigo, la chuma, lililotobolewa dirisha moja. Tunalala wanne, maseremala watupu, kwa hiyo hata kukoroma kwetu ni kwa msumeno. Paa ni chuma hichohicho, dari hakuna. Tepu ya kupimia hubaki stoo jioni, kwa hiyo nimepima kwa shibiri kama nilivyokufundisha, mkono wa kushoto, kidole gumba hadi kidole kidogo. Urefu ni shibiri ishirini na tisa. Upana na kimo nimeviandika nyuma ya karatasi.

Usihangaike, feni ipo. Mwaka jana kazi zilibana, ndiyo maana sikuja. Mwezi wa sita tutaona. Nimewakumbuka sana. Msalimie mama yako.

Baba yako

10 Machi

Baba,

Shikamoo. Hali zetu njema, sijui zako.

Vipimo nimevipokea, lakini mwalimu hataki shibiri, anataka sentimita. Nikawaza, nitaupata wapi mkono wa baba? Nikakumbuka meza ya cherehani. Siku ulipoitengeneza uliipima mbele yangu, ukahesabu kwa sauti, shibiri saba kamili. Nikaipima kwa rula: sentimita mia moja sitini na moja. Nikagawa kwa saba, nikapata ishirini na tatu. Nikachora mstari wa sentimita ishirini na tatu kwenye daftari, nikauwekea mkono wangu juu. Nilikaa hapo muda, mpaka Mama akauliza kama naumwa.

Sasa sikiliza. Shibiri zako ishirini na tisa zinatoa mita sita na sentimita sitini na saba. Mwalimu anasema makontena ya namna hiyo yana kama mita sita na sentimita sita, hayapiti hapo. Akaniambia nihesabu upya. Nimehesabu mara tatu. Meza haijabadilika, na kontena la chuma halikui. Kilichobaki ni mkono.

Baba, mkono wako una nini?

Mwanao

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Lori limekuja mara mbili bila barua yako. Mama anasema labda umebanwa na kazi. Swali langu sijamwonyesha.

Tumefanya jaribio la kwanza. Nilitengeneza chumba chako kwa bati, sawasawa na ulivyoandika, na dirisha lake moja. Wenzangu waliipa siagi jina lako, kwa utani. Ukayeyuka dakika ya kumi na moja. Walicheka wote. Mimi nilitoka nje nikajifanya nakwenda kunywa maji.

Unaishije humo?

Mwanao

24 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua zako zote mbili nilizipata kwa wakati. Nilizisoma, nikaziweka chini ya godoro, nikazisoma tena. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia kwenye meza ya cherehani.

Ilikuwa mwezi kama huu mwaka jana. Ubao ulirukia msumeno wa umeme, ukauvuta mkono wangu. Kidole kidogo cha kushoto kimebaki nusu. Kimepona zamani, hakiumi, na kazi nafanya. Ruhusa ya kuja nilikuwa nimeshapewa. Nikairudisha.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikunyooshea mikono, nikikuambia vidole kumi ndiyo cheti changu cha ufundi? Wewe ulikuwa ukivihesabu kimoja kimoja kila nikirudi kutoka kazini. Niliona haya, mama. Niliogopa utaanza kuhesabu mlangoni. Hapakuwa na kazi zilizobana.

Mwambie mama yako. Mimi kalamu imenishinda.

Baba yako

10 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimemwambia. Aliisoma barua yako amesimama, akarudi kushona, akashona mkono wa shati la mtu nje ndani. Akaufumua. Kisha akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu ana bahati kaumbuliwa na hesabu za mtoto." Alilia kidogo, nami nikalia, tukanywa chai.

Sasa amekata kitambaa kigumu, anataka kukushonea glavu ya kazi, kidole kidogo kiwe kifupi kisipepee karibu na msumeno. Anasema uandike kidole kimebaki kiasi gani, kwa sentimita, tumechoka na shibiri.

Kuhusu siagi: tuliweka paa la pili juu ya lile la kwanza, tukaacha nafasi katikati upepo upite. Mkazi alimaliza dakika thelathini, akatoka amelainika tu. Nimekuchorea. Wewe ni seremala, na mbao chakavu hazikosekani hapo.

Kuhusu vidole: nitahesabu tisa na nusu, basi. Nilikuwa nahesabu ili ukae nami mlangoni, sikuwa nakagua cheti. Mapazia sijayafua. Nangoja useme.

Mwanao,
Bi Maswali

30 Mei

Mwanangu, na mama yake,

Nawasalimu wote wawili. Mimi ni mzima, na safari hii ni kweli.

Paa la pili tumelijenga Ijumaa mbili zilizopita, kwa mbao za kumwagia zege zilizotupwa. Jana mchana mwenzangu wa kitanda cha juu alilala mpaka tukamwamsha kwa maji. Kontena la jirani nalo linataka. Mchoro wako umechafuka kwa mikono ya watu, lakini ninao.

Mama yako mwambie kipimo cha kidole sikiandiki. Aache kitambaa na mkasi mezani. Naondoka hapa tarehe kumi na mbili na lori la maji, nimekaa mbele na yule dereva wako. Mkono nauleta mwenyewe, apime.

Meza msiisogeze. Nataka niipime upya, wewe ukihesabu kwa sauti. Najua haitatoka saba tena, itakaribia nane. Uliandika kwamba meza haijabadilika, na ni kweli, lakini siku hiyo tutasema imekua, na mwalimu wako asiambiwe.

Fua mapazia.

Baba yako