Kaka Alipokwenda Kuposa Mbwa

Mwenzangu, acha unachofanya usome hapa. Kaka yangu kinyozi kaniaibisha mbele ya mbwa!

Unajua anavyotaka mbwa. Leo kaenda kwa yule mama mfugaji anayesifiwa, ambaye hauzi mtoto kabla hajaacha kunyonya na kupata chanjo. Kajipanga kweli: atakagua banda, atamwona mama mbwa, ataulizia magonjwa ya ukoo.

Banda safi kuliko saluni yake. Mama mbwa kanawiri, anatikisa mkia. Kumbe anayekaguliwa ni yeye! Mfugaji kamkalisha chini: "Mchana kutwa mtoto atabaki na nani?"

Na kaka kutwa yuko saluni. Akaona anamkosa hivi hivi, akasema, "Na mke wangu."

MKE! Mwenzangu, MKE!

"Haya, mpigie nimsikie."

Akanipigia mimi. Mimi, dada yake wa tumbo moja! Sauti tamu kama asali: "Mke wangu, hujambo?"

Nikapiga kelele, "Mke wako nani? Umelewa asubuhi yote hii? Mama anajua?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Anasema hata mama mbwa aliinuka akajiondokea.

Mfugaji alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaichukua simu, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nashona, hapa hapa nyumbani.

Basi mbwa nimepewa mimi! Mimi ambaye sikuomba!

Kaka yuko hapa sakafuni kwangu, kampakata, anamnong'oneza: "Usiogope, baba nipo. Huyo mwenye makelele ni shangazi yako."