Kikopo cha Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba uniokoe kabla ya Jumamosi, maana nina furaha na hofu kwa pamoja na sijui nianze na ipi. Mimi ndiye niliyepita mlango kwa mlango mtaani kwetu kukusanya mikojo kwa ajili ya utafiti wa kichocho, watu wakanicheka weee mpaka wakanibandika jina, nikavumilia, nyumba zote zikatoa isipokuwa yetu, kwa sababu baba mkwe, fundi cherehani anayeheshimika sana, alikataa katakata. Basi nikaona aibu, mtaa mzima umetoa halafu kuharibike kwangu, nikachukua kikopo chake nikakijaza mkojo wangu mwenyewe. Majibu yakaja kwamba hana hata yai moja la kichocho, akaipokea karatasi, akaitundika juu ya cherehani. Sasa wafadhili wamekubali kuendelea kuugharimia utafiti, mtaa unashangilia, Jumamosi wanakuja kututembelea na baba mkwe ndiye atakayetoa shukrani kwa niaba ya wazee, anafanya mazoezi ya hotuba tangu asubuhi na nyumba nzima tunacheka, ila mume wangu ameninong'oneza kuwa mzee anaumia akikojoa na damu inatoka. Nikisema, utafiti si utafutwa? Na yeye nitamwambiaje bila kumvunjia heshima?

Mama Vikopo

Mama Vikopo,

Nimecheka mpaka miwani ikaanguka. Nilipoiokota ndipo nikakasirika. Hongereni kwa ufadhili, sasa nisikilize.

Umwambie nini? Mwanangu, hakuna mtu anayesahau kama alikojoa kikoponi au hakukojoa. Mzee anajua tangu siku ile ya majibu. Karatasi ameitundika kwa sababu anaogopa, na wewe ndiye uliyempa pa kujifichia. Mficha uchi hazai, na mficha mkojo hatibiwi. Wafadhili hawakutoa fedha yao wapate mitaa ya kusifia, wametoa ili wagonjwa waonekane, na mgonjwa umemlaza chumba cha pili.

Kesho asubuhi nenda kwa mtafiti mkuu ukaseme. Atakunja uso, atafuta jibu moja, kazi itaendelea. Mumeo, si wewe, ampe baba yake kikopo kipya na amsindikize kliniki. Kichocho kina vidonge. Mzee hakukataa kupimwa, alikataa mke wa mwanawe kubeba mkojo wake, na hapo mimi niko upande wake.

Halafu muulize mtafiti ni wakamwana wangapi wengine waliotumwa kwa wakwe zao. Kama wewe ulijaza kimoja, viko vingine. Wazee wafuatwe na wanaume wenzao, na hilo liandikwe kwenye ripoti, maana nalo ni matokeo ya utafiti.

Mzee akikubali, Jumamosi asimame aeleze kwamba alikataa, akaogopa, akapimwa, akameza dawa. Wazee wenzake watajipanga kliniki Jumatatu. Nawe kaa mstari wa mbele, na watu wakicheka, cheka nao.