Ubao wa Mwisho wa Mwalimu Hatua

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipoiacha kalamu katikati ya sentensi, mke wangu, saa tisa alasiri, jua likiwa limefika ukingoni mwa kitanda. Kifuniko cha kalamu nilikitafuta mvunguni siku tatu. Hata sijui nilitaka kuifunika ili iweje.

Watoto wameniambia tangazo la kumbukumbu liwe fupi, na liwe la kweli. Fupi nitajaribu. La kweli, unanijua. Mimi ndiye niliyekusimulia kwamba niliwahi kuwasha jenereta ya chuo kwa kijiko cha chai, na wahandisi arobaini wakasimama kunipigia makofi. Nawe, bila kuinua macho kwenye madaftari, ukasema, "Mzee, punguza sifuri." Wakabaki wahandisi wanne. Ukanitazama tu. Akabaki mmoja, na huyo mmoja alikuwa amesinzia.

Basi leo sitaongeza sifuri hata moja.

Ulifundisha Kiingereza katika chuo cha uhandisi miaka thelathini na mmoja, ukiwafundisha watu ambao hawakukitaka. Wao walikuja kusomea mitambo. Mtu anakokotoa uzito wa daraja kichwani, lakini mwambie aeleze pampu inafungwaje, jasho linamtoka. Na vitabu vya mitambo hiyo vyote ni vya Kiingereza, na kazini watakutana na watu wa kila lugha. Ukaona kuwakaririsha kanuni hakutawafikisha popote. Ukamwambia kila mmoja aandike namna ya kufanya kazi moja, hatua kwa hatua, nawe ukaifanya kazi hiyo mbele ya darasa kama ilivyoandikwa, huongezi, hupunguzi. Ndipo wakakubandika jina la Mwalimu Hatua.

Nakumbuka siku ya gurudumu. Mimi nilikuwa mlangoni mwa karakana ya chuo, kazini kwangu, najifanya nafagia. Wewe umekaa chini kwenye lami na gauni lako la manjano, nati zote umezifungua, unavuta gurudumu kwa mikono miwili.

"Haliji," ukasema.

"Mwalimu, si uliinue gari kwanza kwa jeki!" mwandishi wa maelezo akapiga kelele.

"Imeandikwa wapi?"

Akaikagua karatasi yake juu, chini, mpaka nyuma. "Lakini hilo kila mtu analijua."

"Mimi silijui. Na siku mtambo wako utakapoharibika, baba, wewe hutakuwepo. Atakuwepo mtu na karatasi yako, basi. Andikia siku ambayo hutakuwepo."

Darasa likaangua kicheko, na yule bwana akabaki na jina la Gurudumu mpaka leo, ingawa siku hizi anasimamia ujenzi wa madaraja. Lakini wewe hukumcheka. Aliyekosea ulimpa kwanza chai kutoka kwenye chupa yako, kisha ukampa karatasi nyingine nyeupe.

Nyumbani, wa kujaribiwa nilikuwa mimi. Karatasi zao ulizileta mezani, nami, fundi wa kujifundisha mwenyewe, nikazifuata kwa mikono. Kiingereza changu chote nimekiokota hapo, ndiyo maana ni cha amri tupu: shika, geuza, kaza, subiri. Mpaka leo siwezi kumwamkia mgeni kwa Kiingereza, lakini naweza kumfungua na kumfunga tena bila kubakiza nati. Sheria zako zilikuwa mbili. Usimsaidie mwandishi. Na maelezo yakiisha, mkono usimame.

Daftari la mwanafunzi hukutupa hata moja. Ulisema mtu akirudi kuyaulizia makosa yake, ayakute. Ukumbi wa nyumba yetu ukajaa madaftari sakafuni mpaka tukawa tunapita ubavuubavu kama kaa. Nami nikakuahidi rafu. Nilikuahidi miaka kumi na tisa. Nikasema nasubiri mbao za mti uliopigwa radi mara mbili, maana hizo haziguswi na mchwa. Ukasema, "Hiyo radi moja ingekupiga wewe, rafu ingekwisha zamani."

Kisha maradhi yakakulaza, na daktari akasema tukurudishe nyumbani, hana jingine. Ukaomba karatasi. "Wewe maneno ya mdomo hayakuingii," ukaniambia. "Nitakuandikia hiyo rafu, hatua kwa hatua." Ukaandika kwa kile Kiingereza chetu cha amri. Hatua ya kwanza: inuka kwenye kiti.

Niliinuka.

Ikawa kila siku unaandika hatua moja, kwa kadiri nguvu zako zilivyoruhusu, nami naenda kuifanya uani, nje ya dirisha lako. Sasa nikwambie ambalo sikukwambia. Nilikuwa nachelewesha kwa makusudi. Nilijitia kichwani kwamba mwalimu haondoki darasani kazi ikiwa haijakwisha. Ubao wa nusu saa niliupiga randa siku tatu.

"Unachelewa, Mzee," ukaniita dirishani.

"Mbao ngumu hizi, mama. Kama chuma."

"Laini hizo. Naisikia randa inavyoteleza."

Nikairudisha randa mwanzo wa ubao. Tangu siku ile hatua zako zikawa fupi. Hatua ya kumi na moja ilikuwa kupigilia msumari mmoja. Ya kumi na mbili, msumari wa pili. Mke wangu, wewe uliyewakatia maksi watu kwa kurefusha mambo! Ulijua, na ukanisaidia kuchelewesha. Tulivuta siku hizo wote wawili, kila mtu upande wake wa ukuta, hakuna aliyemwambia mwenzake.

Hatua ya kumi na nne uliandika: "Chukua ubao wa mwisho, ushike kwa mikono miwili, kisha"

Hapo ndipo.

Nami nilikuwa nimeushika ubao, nimesimama uani, nikingoja uniite dirishani.

Mwaka mzima ubao huo umeegemea ukuta. Binti yetu muuguzi kanisema mpaka kachoka. "Baba, malizia. Kila mtu anaona ubao unakwenda wapi."

"Imeandikwa wapi?"

"Madaftari ya Mama yapo sakafuni mwaka wa ishirini sasa. Hilo ndilo alilotaka?"

Sheria yako inanizuia, haja yako inanisukuma. Na ukweli wenyewe ni mwingine: nikiupigilia ubao ule, wewe utakuwa umekwisha kuniambia yote.

Juma lililopita Gurudumu alikuja. Aliiomba karatasi yako, akakaa kwenye kiti chako, akachomoa kalamu. Akaimalizia sentensi yako kwa Kiingereza ulichompa wewe, akanikabidhi. Nikasoma: "kisha uweke juu."

Nikauchukua ubao. Nikauweka juu. Nikarudi nyuma, mikono nikaishusha.

"Mzee, na misumari?" akauliza.

"Imeandikwa wapi?"

Alicheka, mke wangu, akacheka mpaka akafunika uso kwa kiganja na mabega yakaendelea peke yake. Baadaye akaniuliza, "Nirekebishe?" Nikamwambia aache.

Madaftari yako yamepanda rafuni sasa, yote, makosa ya miaka thelathini na mmoja yamepangwa kwa mwaka. Ubao wa mwisho umelala juu bila msumari. Kila asubuhi nauinua kidogo, naurudisha mahali pake. Ukumbi umekuwa mpana. Mtu anapita humo bila kugusa chochote, nami bado napita ubavuubavu.

Unakumbukwa na mumeo, Fundi. Binti yako muuguzi, ambaye sasa hunisomea maandishi ya chupa za dawa mara mbili. Mwanao dereva wa lori, asiyebadilisha gurudumu bila kukutaja. Dada yako mshonaji, aliyelihifadhi gauni la manjano. Wajukuu watano (ni watano kweli, wahesabu). Na wanafunzi wako waliotawanyika kwenye mitambo na madaraja, wakiandikia siku ambazo hawatakuwepo.

Daima tutakukumbuka. Kuacha, imeandikwa wapi?