Neno Nililokusomea Vibaya

Baba yangu wa Lalago,

Mwangaluka, baba. Umelala huko miaka sita sasa, lakini hukupenda mtu aanze maneno kabla ya salamu.

Nakumbuka uliporudi na karatasi ya hospitali kutoka Bariadi. Nilikuwa kidato cha tatu, msomi pekee wa nyumba. "Mayu," ukasema, maana binti zako wote ulituita mama, "soma, daktari kaandika nini?" Nikasoma kwamba una presha ya macho, kwamba uoni unapotea, na mbele yake neno "gradual". Nikajibu kwa kujiamini, "Ni polepole, baba. Hakuna haraka." Ukasema basi ng'ombe watangulie kupata dawa. Hukurudi kliniki.

Msimu uliofuata, tukichambua pamba uani, ukawa unatupia fifi, ile yenye madoa, kwenye rundo la pamba safi. Wewe, ambaye gunia lako halijawahi kukataliwa mnadani! Mama akawa anaiondoa kimya kimya, nami nikaona nikaendelea kuchambua. Msimu mwingine ukawatambua ng'ombe kwa kuwapapasa pembe, tukakutania kwamba uzee umebisha hodi. Siku uliyonisalimia ukidhani mimi ni mama, nilitoka nje nikalia.

Chuo cha ualimu ndiko nilikofungua kamusi kubwa. Neno lile asili yake ni Kilatini, gradus, yaani hatua. Halikusema lolote kuhusu haraka. Lilisema macho yako yanaondoka hatua moja, kisha nyingine, na baada ya kila moja tungeweza kuizuia inayofuata. Hatua zote zilipita mbele yangu. Nimejuta, baba, na ukiwa hai sikupata ujasiri wa kukwambia.

Mwezi uliopita nilijigonga bega mlangoni mwa darasa, mara ya pili wiki ile. Wanafunzi wakacheka. Kesho yake asubuhi nilikuwa Bariadi. Ni ugonjwa wako, hurithiwa. Jicho la kushoto limepungua na kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinalindwa na dawa ya matone, kila siku, maisha yote.

Daktari akashangaa, wengi huja wakiwa wameshikwa mkono. Akauliza nani kaniambia niwahi.

Nikamjibu, "Baba yangu."

Unisamehe. Na wabeja, asante sana, baba.

Bintiyo, mwalimu